Simone Signoret: alikutaka kuzeeka, au kulimshinda?

Swali: Mimi ni mwigizaji wa tamthilia, nina miaka 37. Mwaka huu nimeitwa kazini mara tatu, na mara zote tatu ni kucheza mama mkwe. Mwongozaji mmoja akaniambia nisinune, eti kuna Mfaransa anaitwa Simone Signoret aliyepata Oscar kwa kucheza mwanamke mtu mzima. Nilipotafuta picha zake nikachanganyikiwa: moja ni mrembo wa kukata na shoka, nyingine ni mama mnene aliyechoka, na naambiwa kati ya picha hizo mbili haikupita hata miaka ishirini. Alikuwa nani hasa? Na kule kuzeeka, alikutaka mwenyewe au kulimshinda? – Msomaji, Tanga

Jibu: Mdogo wangu, tuanze na jina, maana utalitaja mbele za watu. Hutamkwa Sinyore, ile "t" ya mwisho ni ya kwenye karatasi tu. Na halikuwa jina la baba yake. Alizaliwa Simone Kaminker, tarehe 25 Machi 1921, katika mji wa Wiesbaden, Ujerumani. Baba yake, André Kaminker, alikuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa lililokuwa limekalia eneo la mto Rhine baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto akakulia Neuilly-sur-Seine, kitongoji cha wenye nazo pembeni mwa Paris. Baba alikuwa Myahudi mwenye asili ya Poland na fundi wa lugha, mmoja wa wale waliotangulia kufanya ukalimani wa papo kwa papo. Mwaka 1934 Hitler alipohutubia Nuremberg, Wafaransa waliokuwa wakisikiliza redio yao walimsikia kwa sauti ya Kaminker.

Nakueleza haya ya baba kwa sababu yanagusa swali lako. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Paris, baba akaondoka, akaenda London kujiunga na de Gaulle, jenerali aliyeongoza Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Nyuma alibaki mama na watoto watatu, na mkubwa wao ni huyu Simone, miaka 19. Mzigo ukamwangukia. Akafundisha watoto wa watu Kiingereza na Kilatini, kisha akapata ukarani kwenye gazeti liitwalo Les Nouveaux Temps. Mwenye gazeti, Jean Luchaire, alikuwa baba wa msichana aliyesoma naye shule, na pia alikuwa kibaraka wa wavamizi. Vita vilipokwisha Wafaransa walimhukumu kifo na kumpiga risasi. Fikiria basi: binti wa Myahudi, ambaye baba yake yuko upande wa pili wa bahari akipigania ukombozi, anakaa ofisi ya kibaraka akipokea simu ili mama na wadogo zake wale. Alidumu hapo miezi michache. Uzeeni aliyaandika mwenyewe, bila kujipaka rangi. Ukimwona anacheza mwanamke mwenye jambo asilotaka kulisema, ujue hakulisomea darasani.

Alikotoka hapo alielekea Café de Flore, mkahawa wa Saint-Germain-des-Prés uliokuwa kijiwe cha waandishi, wachoraji, waigizaji wasio na kazi na watu wa siasa za kushoto. Katika kumbukumbu zake anasema alizaliwa jioni moja ya Machi 1941, kwenye kiti cha mkahawa huo. Ndipo akaanza kuzitafuta sinema. Lakini wakati wa uvamizi mwigizaji alihitaji kibali, na mtoto wa Myahudi hapati kibali. Akachukua jina la ukoo wa mama yake, Signoret, akawa anaingia katika makundi ya kujaza umati, wale wanaopita nyuma ya stelingi wakiwa wamebeba sinia. Ukiitazama Les Visiteurs du soir ya Marcel Carné, ya mwaka 1942, yumo humo kati ya wale watu wa ngome. Usipoambiwa hutamwona.

Kazi yenyewe ilikuja baada ya vita. Aliolewa na mwongozaji Yves Allégret, wakapata binti, Catherine, mwaka 1946, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji. Mwaka huohuo filamu Macadam ikamtoa. Kisha mumewe akamweka mbele katika Dédée d'Anvers (1948), halafu Max Ophüls akamwita kwenye La Ronde (1950). Sasa sikiliza: katika Macadam alikuwa kahaba. Dédée, kahaba wa bandarini. La Ronde, kahaba anayefungua filamu. Wewe unalia na mama mkwe, mwenzio alikuwa amegongwa muhuri wa kahaba na watayarishaji hawakuona kwa nini waufute. Alichokifanya hakikuwa kugoma. Alimchukua kila mmoja wa wanawake wale akamfanya mtu, huyu mvivu, yule mchangamfu, yule mwenye hasira ya kimyakimya, hata ukiwapanga pamoja hawafanani.

Kilele cha kipindi hicho ni Casque d'or ya Jacques Becker, 1952, na ile picha yako ya mrembo bila shaka imetoka humo. Jina maana yake ni kofia ya dhahabu, kwa ajili ya nywele zake zilizopandishwa juu kama taji. Kisa kimetoka kwenye jambo la kweli: mwaka 1902 wahuni wawili wa Paris walimgombania mwanamke mmoja mpaka damu ikamwagika. Kuna sehemu mwanzoni nataka uitazame kama mwanafunzi, siyo kama mtazamaji. Jumapili, watu wamepiga makasia mtoni, wameshuka kwenye baa ya kando ya maji, bendi inapiga, wanacheza dansi. Marie, huyu Signoret, anazungushwa na bwana wake Roland. Pembeni kuna fundi seremala mgeni, Manda, anachezwa na Serge Reggiani. Marie anazungushwa, na kila mzunguko unapomleta upande wa Manda, macho yake yako pale pale yalipokuwa. Mwili unakwenda, kichwa kinachelewa kidogo. Hana neno hata moja la kusema. Ukifika mzunguko wa tatu umeshajua kwamba kuna mtu atakufa.

Na mwisho wake: Marie anapanda ngazi za nyumba ya wageni usiku, amekodi chumba chenye dirisha linalotazama uwanja ambako alfajiri Manda atakatwa kichwa. Mwigizaji mwingine angepiga mayowe. Yeye anatazama. Kichwa kinaangukia kifuani, basi.

Paris waliipokea filamu hiyo kwa ubaridi. London ndiko walikoitambua, wakampa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kigeni, ya kwanza kati ya tatu alizopata kwao. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami hulitaja kila nikifundisha habari zake: huko Marekani msichana mweusi mpiga piano, Eunice Waymon, alipata kazi ya kupiga kwenye baa mwaka 1954 na hakutaka mama yake, mtu wa kanisani, ajue. Akajitafutia jina la jukwaani. "Nina" alikuwa akiitwa na mpenzi wake. "Simone" alilichukua kwa Simone Signoret, aliyemwona kwenye sinema akampenda. Kwa hiyo kila ukimsikia Nina Simone redioni, unalisikia jina la huyu Mfaransa.

Agosti 1949 alikuwa ameshakutana na Yves Montand, mwimbaji, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, kwenye hoteli ya La Colombe d'Or, kijiji cha Saint-Paul-de-Vence kusini mwa Ufaransa. Akamwacha Allégret. Desemba 1951 wakaoana kijijini hapohapo. Na hapa nitasema ukweli ambao wanaomsifia huuruka: katika miaka ambayo angeweza kuvuna kuliko yote, kati ya 30 na 37, alifanya filamu chache sana kwa hiari yake. Alimfuata mume. Alikaa nyuma ya pazia za kumbi akimsikiliza anaimba. Walioiona hiyo kuwa hasara wapo. Mimi huwa nashindwa kuamua, kwa sababu chache alizozifanya zilikuwa nzito: Thérèse Raquin ya Carné mwaka 1953, Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot mwaka 1955, na Les Sorcières de Salem, mchezo wa Arthur Miller, waliouigiza jukwaani yeye na Montand mwaka 1954 kisha kwenye filamu mwaka 1957. Les Diaboliques ni ya kutisha: shule ya bweni, mke, hawara, na mwalimu mkuu anayewatesa wote wawili. Inamalizika kwa maandishi yanayomwomba mtazamaji asiwasimulie wenzake mwisho wake, nami nitatii.

Sasa twende kwenye ile Oscar. Filamu inaitwa Room at the Top, ya Waingereza, mwongozaji Jack Clayton, ikatoka mwaka 1959. Kijana wa kimaskini, Joe Lampton, anahamia mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza akiwa na nia moja, kumwoa binti wa tajiri. Njiani anapendana na Alice, mke wa mtu, mkubwa kwake. Kwenye riwaya Alice ni Mwingereza. Walipompa Signoret nafasi hiyo wakambadilisha kuwa Mfaransa. Alikuwa na miaka 37 wakati wakipiga picha. Umri wako, mdogo wangu. Alimzidi Laurence Harvey, aliyecheza Joe, kwa miaka kama saba tu, lakini kwenye kioo unaona mwanamke aliyeishi na mvulana anayejifunza kuishi.

Pale yeye alipofanya kazi ni kwenye uso asioujali. Wanawake wengi wa sinema za wakati ule waliamka kitandani na wanja umekaa sawa. Alice anaamka kama mtu anavyoamka. Anavuta sigara akiwa amevaa sweta. Anapocheka macho yanakunjana pembeni, na hazifichi zile kunyanzi kwa mkono. Kuna mahali anamwambia Joe kwamba zamani aliwahi kumkalia mchoraji bila nguo, na Joe anakasirika. Mtazame anavyobadilika: kwanza anashangaa, halafu anaona kwamba mpenzi wake ni mdogo kuliko alivyodhani, na siyo kwa miaka. Hilo la pili halimo kwenye maneno. Limo usoni, nalo linapita haraka.

Kwa Alice alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1959, tuzo ya Waingereza, na tarehe 4 Aprili 1960, Hollywood, Oscar. Walioshindana naye usiku ule ni Doris Day, Audrey Hepburn, Katharine Hepburn na Elizabeth Taylor. Ukijua kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo Marekani ilikuwa haimpi viza, kwa sababu yeye na mumewe walitia saini matamko ya mrengo wa kushoto, wakapinga silaha za nyuklia na kusimama karibu na wakomunisti, utaelewa kwa nini watu walikaa vizuri vitini jina lilipotajwa.

Mwaka huohuo ndio wa lile jambo ambalo magazeti hayakuliacha mpaka leo, la Marilyn Monroe na Montand. Nitalipitia haraka, ila siyo kama wanavyolipitia wengine. Wanandoa wawili walikaa jirani kwenye vibanda vya Beverly Hills Hotel: Marilyn na Arthur Miller, Simone na Montand. Kila Jumamosi alikuja bibi mmoja msusi kutoka San Diego, aliyewahi kumpaka rangi ya nywele Jean Harlow, akawapaka wote wawili jikoni kwa Marilyn, huku akiwapa habari za mastaa wa zamani. Signoret kisha akaenda Italia kupiga filamu, na mumewe na jirani yao wakafanya walichofanya. Aibu ikaenea dunia nzima. Yeye akakataa kucheza ule uhusika wa mke aliyeibiwa ambao kila mwandishi wa habari alitaka amchezee. Katika kitabu chake cha miaka 16 baadaye anaandika kwamba Marilyn alikufa bila kujua ni kwa kiasi gani yeye hakumchukia. Na kwamba skafu ya hariri ambayo Marilyn aliwahi kumwazima bado anaivaa, imeanza kuchanika, ila akiikunja vizuri haionekani.

Lakini aliumia. Hakuna aliyemjua anayesema hakuumia. Aliongeza pombe, sigara hakuziacha, na mwili wake kuanzia umri wa miaka arobaini ukabadilika kwa kasi. Kwa hiyo ukiniuliza kama alikutaka, jibu langu ni hapana, hakukaa chini siku moja akaamua kunenepa kwa ajili ya sanaa. Wanaosema hivyo wanampamba. Kulimpata kama kunavyowapata watu. Alichoamua ni jambo lililofuata: asifiche kuzeeka kwake. Hakukimbilia kisu cha daktari, hakuomba taa zilainishwe, hakung'ang'ania kucheza wasichana. Waandishi wa Ufaransa walimwandika vibaya wakati mwingine, na ukisoma lugha yao utashangaa wanaume wa rika lake, wenye vitambi na mifuko chini ya macho, walivyoachwa.

Siasa nazo zilimchosha na kumkomaza. Mwishoni mwa 1956, muda mfupi baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, yeye na Montand walikwenda Moscow kwenye ziara ya maonyesho iliyokuwa imepangwa, wakatukanwa na marafiki wa pande zote. Huko wakajikuta meza moja na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, wakambana kuhusu Hungaria. Septemba 1960 alitia saini tamko la watu 121 lililotetea Wafaransa waliokataa kwenda kupigana Algeria, na waliotia saini wakafungiwa redio na televisheni za serikali. Montand hakutia. Mwaka 1970 walicheza pamoja L'Aveu ya Costa-Gavras, kuhusu kesi za uongo za wakomunisti wa Prague, Chekoslovakia, dhidi ya wenzao, na hapo marafiki wengine wakawakimbia.

Sitaki pia uamini kwamba kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Mwaka 1966 alikwenda kucheza Lady Macbeth wa Shakespeare kwa Kiingereza, London, kwenye ukumbi wa Royal Court, akiigiza na Alec Guinness. Wahakiki walimchambua kama kuku. Lafudhi yake haikupona. Mwaka uleule Wamarekani walimpa Emmy kwa mchezo wa televisheni, na kabla ya hapo alikuwa ameteuliwa tena kuwania Oscar kwa Ship of Fools. Kazi yetu ndivyo ilivyo, mkono mmoja unapigwa kofi, mwingine unapewa ua.

Halafu ikaja 1969 na L'Armée des ombres ya Jean-Pierre Melville. Hii ndiyo picha yako ya pili, ya mama mnene aliyechoka. Anaitwa Mathilde, mpiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani. Ana koti la kawaida na mkoba, anatembea kama mtu anayewahi foleni ya mkate, na ndiyo maana hakuna askari anayemtazama mara mbili. Umri na unene ndiyo silaha yake. Angekuwa mrembo wa Casque d'or angekamatwa siku ya kwanza. Kwenye mkoba amebeba picha ya binti yake, ameambiwa aiharibu, hakuweza. Wajerumani wanamkamata, na kwa picha ile wanampata pa kumshika: aseme, au binti apelekwe kwenye danguro la wanajeshi. Wenzake wanaamua lazima afe. Anatembea barabarani, gari linakuja polepole, anageuka na kuwaona ni wao. Anasimama. Macho yanafunguka. Nimewauliza wanafunzi wangu miaka nenda miaka rudi: ni woga, ni mshangao, au anawaruhusu? Hawajawahi kukubaliana, na mimi siku hizi siwasaidii.

Baada ya hapo akapata mvua ya kazi, miaka ambayo wanawake wengi wa fani yake walikuwa wameshafungiwa milango. Mwaka 1971 peke yake zilitoka mbili za mwongozaji Pierre Granier-Deferre, zote kutoka riwaya za Georges Simenon. Katika La Veuve Couderc yeye ni mjane wa shamba, miaka 50, na Alain Delon, 35, uzuri wake ukiwa bado unauma macho, ni mtoro anayejificha kwake. Filamu inaanza mjane akishuka kwenye basi na mashine ya kutotolea vifaranga, zigo kubwa. Kijana anamsaidia kulibeba, na mapenzi yao yanaanzia kwenye lile zigo. Hakuna anayecheka ukumbini. Katika Le Chat yuko na Jean Gabin, mume na mke katika nyumba ya mwisho kwenye mtaa unaobomolewa, hawasemezani tena. Yeye alikuwa mwanasarakasi, alianguka, anachechemea. Mume anampenda paka kuliko yeye. Kuna namna anavyomtazama yule paka inayokufanya umwonee huruma na kumwogopa kwa pamoja. Tamasha la filamu la Berlin likawatuza wote wawili.

Na mwaka 1977, Madame Rosa, kwenye La Vie devant soi ya Moshé Mizrahi. Kahaba mstaafu, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, anawalea watoto wa makahaba wengine kwenye ghorofa ya sita isiyo na lifti mtaa wa Belleville, na mmoja wao, Momo, ni mtoto wa Kiarabu. Alikuwa na miaka 56, anaonekana wa 70. Kila ngazi anayopanda unaihesabu wewe mtazamaji. Filamu ikapata Oscar ya filamu bora ya kigeni, yeye akapata César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa. Alianza na makahaba wa miaka 25, akafika kwa huyu. Mimi huwaza kwamba ni mwanamke yuleyule, ila sasa tumeruhusiwa kujua alikoishia.

Mwishoni akawa mwandishi. Kumbukumbu zake za 1976, La nostalgie n'est plus ce qu'elle était, zilisomwa na wengi hata wasiojali sinema. Januari 1985 ikatoka riwaya nene, Adieu Volodia, kuhusu familia za Wayahudi wahamiaji, watu wa cherehani na manyoya, katika Paris ya kabla ya vita. Ni watu wa upande wa baba yake, wale ambao jina lao alilivua mwaka 1941 ili aishi. Wakati huo macho yalikuwa yamemfifia, karibu haoni. Alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 30 Septemba 1985, nyumbani kwao Autheuil, Normandy, akiwa na miaka 64. Amezikwa makaburi ya Père-Lachaise, Paris, na Montand alimfuata kaburi hilohilo mwaka 1991.

Kuhusu wewe na mama mkwe wako. Sikushauri ukubali kila unachopewa, kwa sababu wapo mama wakwe walioandikwa ili wafoke tu na kuondoka. Soma karatasi, uone kama yule mama ana jambo analolificha, kama ana mtu anayemwogopa kumpoteza, kama kuna mahali anakaa peke yake kwenye kioo hata kwa dakika moja. Akiwa nayo hayo, chukua, na usimwombe anayekupaka vipodozi akupunguzie miaka. Asipokuwa nayo, mwambie mwandishi amwongezee. Mara nyingi hawajafikiria tu, wala siyo roho mbaya. Alice wa riwayani hakuwa Mfaransa mpaka alipokuja Mfaransa.

Ukipata muda, usianze na Les Diaboliques kama watu watakavyokuambia. Itazame Casque d'or jioni moja, na L'Armée des ombres kesho yake, bila kuweka nyingine katikati. Sehemu ya dansi na sehemu ya gari zirudie ukiwa umezima sauti, kisha niandikie Mathilde aliwatazamaje wenzake.